Waoane Kabla ya Tarehe Thelathini na Moja

Alhamisi, 5 Desemba

Leo nimegundua jinsi ya kuokoa nyumba yetu. Saa nne na robo asubuhi, ofisini, nikiwa nimeshika mashine ya kutoboa karatasi.

Bwana Harms ni mshauri wa kodi ninayejifunza kazi kwake tangu nimalize shule. Alikuwa ananionyesha faili la mume na mke waliooana tarehe 30 Desemba mwaka jana. Mwaka umebakiza siku moja! Na ofisi ya kodi ikawahesabu kuwa wanandoa tangu Januari mosi. Nikauliza kwa nini. Yaani sikuuliza, nilimtazama kwa namna ya kuuliza. Akasema ndiyo sheria, binti Hiske, usiishangae, itumie.

Nimeielewa hivi. Kodi ya mapato hupanda kama ngazi. Mwenye pato dogo husimama chini na kukatwa kidogo. Mwenye pato kubwa yuko juu, na kila euro inayoongezeka inakatwa zaidi. Wanandoa wakikadiriwa pamoja, mapato ya wote wawili humiminwa kapu moja, kapu linagawanywa katikati, na kila nusu hukatwa kodi kwenye ngazi za chini. Wawili wakipata sawasawa, hakuna faida. Lakini mmoja akipata nyingi na mwenzake kidogo, hapo ndipo penye asali.

Sasa. Anko Burkhard ni fundi mkuu wa mitambo ya upepo. Shangazi Okka, anayenilea, huuza mikate asubuhi tatu kwa wiki. Wanaishi nyumba moja miaka kumi na minne. Hawajaoana!

Nimepiga hesabu mara tatu. Faida ya mwaka mmoja: euro 3,100. Bei ya fundi kuziba paa upande wa magharibi: euro 2,900. Mungu anajua hesabu.

Maana paa linavuja. Ndoo mbili chumbani kwangu, beseni moja koridoni. Nyumba ni ya Shangazi, aliachiwa na baba yake, na ameapa haitaezekwa kwa hela ya mwanamume yeyote, awe Burkhard awe mfalme. Hela ya serikali angeipokea kwa mikono miwili, ila serikali haijawahi kumpa. Na jirani yetu Bi Almuth anaitaka nyumba awapangishe watalii. Jana alikuja kunywa chai akawa anahesabu madirisha kwa kidole. Anataka jibu tarehe 2 Januari. Shangazi akasema atafikiri. Shangazi huwa hafikiri, hukataa papo hapo! Ikiuzwa, yeye na Anko watahamia fleti ya chumba kimoja na nusu huko Oldenburg, nami nitapelekwa kwa baba, ambaye ni mpishi melini na hana hata mlango wake mwenyewe.

Kwa hiyo waoane kabla ya tarehe 31. Siku ishirini na sita.

Kikwazo cha kwanza: Shangazi ametamka mbele ya mashahidi kwamba haolewi na mwanamume anayekoroga chai. Anko ametoka Sauerland, milimani huko kusini. Anakoroga. Sisi wa hapa tunaacha bonge la sukari litulie chini na malai yaelee juu, tunakunywa tabaka kwa tabaka kama watu waliolelewa. Anko huzungusha kijiko kama anayechanganya saruji.

Kikwazo cha pili: siwezi kuwaambia. Siwezi kumwambia mtu yeyote jambo lolote. Nilikuwa na miaka tisa nilipoomba chumvi mezani kwa mara ya kwanza.

Lakini kimya kingi kina mshindo mkuu.

Jumamosi, 7 Desemba

Mpango wa kwanza: elimu. Nimeandika kwa mkono kurasa nne, "Faida za Wanandoa Kukadiriwa Kodi Pamoja", na mchoro wa kapu, na watu wawili wanaotabasamu. Nikaziacha mezani chini ya birika la chai kabla ya kifungua kinywa. Nikajificha nyuma ya gazeti.

Anko akazichukua. Akazipima kwa vidole. Akazikunja mara tatu, akainama, akaziingiza chini ya mguu mfupi wa meza.

Shangazi akaitikisa meza. Haikutikisika. Akasema tangu baba yake afariki meza hii haijasimama hivi, na kwamba Burkhard akitaka anaweza kuwa mtu wa maana.

Nauhesabu kuwa ushindi. Waraka uko ndani ya nyumba, unatumika kila siku, na amemsifu.

Jumanne, 10 Desemba

Mpango wa pili: barua. Nimeiandika kwa herufi kubwa zilizoinama kushoto ili nisijulikane. "Bwana Burkhard. Mtu anayekutakia mema anakushauri uoe haraka. Usivuke tarehe 31. Utafurahi na utanishukuru." Sikutia jina. Nikaibandika stempu halali, maana udanganyifu nao una mipaka.

Nilisahau kwamba barua za nyumba hii hufunguliwa na Shangazi.

Alisoma akiwa amesimama. Akasoma tena akiwa amekaa. Akamwita Anko, akamuuliza ni mwanamke gani huyo anayemharakisha. Anko akasema hamjui. Lakini jamani, alivyofurahi! Akaomba asomewe sehemu ya mwisho tena. Akasema hajawahi kuandikiwa barua kama hiyo maishani, hata na mama yake. Mchana nikamwona mbele ya kioo anachana nywele, zile zilizobaki.

Shangazi akaishika barua mbele ya dirisha, akakagua mwandiko. Akasema herufi hizo zilizoinama anazijua, ni za Almuth. Mjane mwenye ladha mbaya, anataka nyumba, sasa anataka na kilichomo!

Kesho Bi Almuth alikuwa aje kunywa chai kuzungumzia bei. Amepigiwa simu na kuambiwa birika limevunjika. Birika liko palepale. Kwa hiyo mazungumzo ya nyumba yamesimama kwa barua moja! Sikupanga hivyo, lakini jemadari mzuri hukubali ushindi unaokuja kwa mlango wa nyuma.

Ijumaa, 13 Desemba

Nimepiga simu ofisi ya msajili wa ndoa. Mara tatu. Mara zote tatu mama mmoja akapokea, nami nikakata. Ya nne akasema kabla sijakata kwamba kama ni mimi tena, naweza kutuma barua pepe. Mwanamke mwenye roho safi.

Desemba yote imejaa. Inaelekea si mimi peke yangu ninayejua mambo ya kodi. Lakini wapo waliogombana juu ya mbwa wakafuta harusi, na nafasi yao iko wazi: Jumatatu tarehe 30, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Nimeishika kwa jina la Okka na Burkhard. Lazima waende wenyewe na vyeti vyao kabla ya tarehe 23.

Tarehe tunayo. Msajili tunaye. Wamebaki maharusi tu.

Jumamosi, 14 Desemba

Huu wa leo ndio mpango wenyewe. Ile mingine ilikuwa mazoezi.

Kulikuwa na mchezo wa kurusha tufe barabarani, kijiji kizima, na kigari cha pombe kikivutwa nyuma, na kabichi na soseji mwisho wa safari. Mimi huwa navuta kigari, kwa sababu mvuta kigari haulizwi kitu. Nikawaza jinsi ndoa zinavyokuwa kijijini kwetu. Mtu akitangaza harusi, jirani wa kwanza, yaani wa nyumba ya kuume, huwakusanya majirani wafunge tao la matawi ya msonobari na waridi za karatasi, walitundike mlangoni. Wenye harusi hujifanya hawajui. Majirani hujifanya hawafanyi. Na karatasi ikishakunjwa, hakuna anayerudi nyuma. Yupo mmoja aliyewahi kuacha harusi baada ya waridi. Ilikuwa mwaka 1987. Anaishi Bremen.

Kwa hiyo wanachohitaji si ushauri wa kodi. Wanahitaji waridi!

Na jirani wa kwanza wa Shangazi ni nani? Bi Almuth! Mwanamke anayetaka nyumba yetu atalazimika kuipamba kwa mikono yake mwenyewe. Nilicheka peke yangu hadi kigari kikaingia mtaroni.

Aliyenisaidia kukitoa ni Tomma, mke wa mwokaji mikate. Nikamnong'oneza: Okka na Burkhard wanaoana tarehe thelathini mwezi huu. Maneno manane. Nikamwomba ayameze, asimwambie mtu. Akaapa kwa watoto wake.

Kabla soseji hazijaiva, watu wanne wamenikonyeza.

Jumatano, 18 Desemba

Gereji ya Bi Almuth. Wanawake kumi na mmoja, wanaume watatu, na mimi. Nimekunja waridi thelathini na nne na hakuna aliyenisemesha. Jioni bora kabisa tangu nimalize shule.

Bi Almuth amesimama katikati kama msimamizi wa bandari. Alilalamika bila kupumua. Miaka kumi na minne hawakuoana, sasa wanaoana yeye akiwa na mgongo mbovu! Na nyumba yenyewe inavuja, maharusi watalala na miavuli. Tomma akamuuliza mbona basi anakunja waridi nzuri kuliko sisi wote. Bi Almuth akasema mila ni mila, hata adui yake akifa atamwoshea madirisha vizuri, na wewe Tomma hiyo yako si waridi, ni kitambaa cha pua.

Wakauliza kama Shangazi anajua. Wengine wakacheka. Anajua sana, yule! Leo Gerd wa dukani kampongeza, akajibu kwa nini unanipongeza, umelewa? Uso mkavu kabisa! Wote wakakubaliana kwamba hawajawahi kuona mwanamke anayejua kujifanya kama Okka.

Waridi 260 hadi sasa. Zinatakiwa 400.

Jumatatu, 23 Desemba

Pigo. Yule mama wa ofisi ya msajili ameandika: wahusika hawajafika, je, wanakuja? Siwezi kumdanganya mtu wa serikali. Nikajibu kwamba wahusika bado hawajajua.

Akauliza kwa upole ni jambo gani hasa hawajalijua.

Nikajibu: kwamba wanaoana.

Baada ya dakika kumi akaandika kwamba nafasi amewapa wengine, ananitakia Krismasi njema, na kama nina mtu mzima wa kuzungumza naye itakuwa vizuri.

Kwa hiyo tao lipo, waridi zipo, 412 zimehesabiwa, na nafasi ya ndoa haipo. Nyumbani ndoo ya kushoto imejaa mara mbili leo. Shangazi akaimwaga, halafu akakaa kwenye kitanda changu akapapasa ukuta pale palipolowa, jinsi mtu anavyompapasa ng'ombe mgonjwa. Akasema labda Oldenburg si pabaya sana.

Hapo ndipo mtu mwingine angefungua mdomo. Nikafungua. Nikasema nitaleta ndoo kubwa zaidi.

Jumamosi, 28 Desemba

Nitaandika polepole, nisiruke kitu.

Saa tisa alasiri walikuja wakiimba. Wanaume sita wamebeba tao, Bi Almuth mbele na ngazi na nyundo. Shangazi akafungua mlango na unga hadi viwikoni. Akawatazama. Akauliza nani amekufa.

Watu wakacheka hadi wakashikana. Bi Almuth akapanda ngazi akisema acha kujifanya, Okka, tumekunja waridi mia nne na kumi na mbili, vidole vyangu haviwezi tena kumenya kiazi, toa pombe. Shangazi akasema pombe ya nini. Ya harusi! Harusi ya nani? Yako, mama! Naye Anko akatokea nyuma yake na kikombe, anakoroga.

Shangazi akageuka mwekundu, halafu mweupe. Akasema kuna kosa. Hatuwezi kuoana.

Bi Almuth juu ya ngazi akasema, kwa msumari mdomoni, waridi zikishakunjwa hakuna cha hatuwezi, labda kama bwana ana mke mahali.

Shangazi akapiga kelele: "Anaye! Mimi! Tumeoana tangu mwaka 2015, Denmark!"

Nyundo ikaanguka kwenye kikapu cha maua.

Likatoka lote. Walikuwa wamekwenda likizo ya siku tano. Mvua. Ofisi ya ndoa ilikuwa ng'ambo ya hoteli. Wakaoana, wakala samaki, wakarudi. Hawakumwambia mtu kwa sababu Shangazi alijua yatakayofuata: Almuth juu ya ngazi, mlangoni pake, akitoa amri na kuutathmini mlango. Akamtazama Almuth pale juu ya ngazi na kusema: hivi hivi! Ndicho nilichokikimbia!

Nilidhani Bi Almuth atalia. Alishuka ngazi moja moja. Akasema, "Miaka tisa, Okka. Miaka tisa umetunyima kinywaji." Akaokota nyundo, akapanda tena. Akasema mila haina tarehe ya mwisho, nishikieni upande wa kushoto.

Wakalitundika. Anko akaenda stoo akaleta chupa zote.

Kisha mtu akauliza ni nani basi aliyeanzisha habari ya harusi. Tomma akanionyesha mimi kwa kidole. Kwa watoto wake aliapa! Macho ishirini na nane. Nikarudi nyuma hadi nikaingia kati ya makoti koridoni, na hapo nikabaki, nikiwaza kwamba yote yamekwisha. Hakuna harusi, hakuna marejesho ya kodi, hakuna paa.

Kisha, humo ndani ya koti la Anko linalonuka grisi, nikawaza. Mwaka 2015.

Nikatoka. Mbele ya watu wote nikasema, kwa sauti, sentensi nzima: "Mliiambia ofisi ya kodi?"

Shangazi akamtazama Anko. Anko akamtazama Shangazi. Anko akasema alidhani Wadenmark wangepeleka barua. Shangazi akasema alidhani Burkhard.

Hawakumwambia mtu yeyote. Hata serikali!

Jumapili, 29 Desemba

Ushindi! Ushindi mara nne!

Nimesoma kitabu changu cha kazi tangu alfajiri. Sikuhitaji kuwaozesha. Ni wanandoa kisheria kwa miaka tisa sasa, na kodi yao imekatwa kama ya makapera wawili. Kwa vile hawajawahi kujaza fomu ya kodi, na hawakulazimika, wanaruhusiwa kuomba kukadiriwa kwa miaka minne nyuma. Pamoja! 2020, 2021, 2022, 2023. Na ya mwaka huu tutaiomba mwakani. Si 3,100 tena. Ni kama elfu kumi na tano. Hiyo si kuziba upande wa magharibi, hiyo ni paa zima, na mifereji yake ya mvua!

Miaka ya kabla ya 2020 imekwenda na maji. Nilipomwambia Shangazi ni kiasi gani amelipa ili Almuth asipande ngazi, alikaa chini. Kisha akasema ilikuwa ghali lakini si ghali mno.

Lakini mlango wa mwaka 2020 unafungwa keshokutwa, tarehe 31. Ofisi ya Bwana Harms imefungwa hadi Januari. Njia ya kompyuta inataka namba ya siri inayokuja kwa posta baada ya wiki mbili. Kwa hiyo ni karatasi, kwa mkono, wote wawili watie sahihi, na itumbukizwe kwenye sanduku la ofisi ya kodi mjini.

Cheti cha ndoa kilikuwa ndani ya kopo la chai ya mnanaa. Maficho ya kitaalamu. Nani nyumbani kwetu angeigusa chai ya mnanaa?

Karatasi za mishahara ya 2020 zilikuwa kabatini chini ya sehemu inayovuja. Nimezianika kwenye kamba juu ya jiko, moja moja, kama soksi.

Shangazi akasimama akinitazama. Akauliza kama hiyo hela itakuwa ya mwanamume. Nikamweleza kapu. Inamiminwa kapu moja, inagawanywa katikati, hakuna tena ya nani. Akafikiri. Akasema basi ni ya serikali. Nikasema ndiyo, Shangazi. Akasema hiyo ataila.

Jumanne, 31 Desemba

Fomu ya 2020 imejazwa. Ya kwanza niliiharibu: Anko alisaini ukurasa wa mwisho na kuweka kikombe juu ya sahihi ya Shangazi. Duara kamili la chai. Nikanakili upya kurasa zote. Shangazi akamnyang'anya kijiko hadi mwaka ujao.

Saa saba mchana. Tayari! Lakini nani aendeshe gari? Anko amekuwa akilipa deni la miaka tisa la vinywaji tangu Jumamosi, na ili wageni wasione haya amekunywa nao kila glasi. Majirani wote hali moja. Kijiji kizima kuna mtu mmoja tu mwenye leseni asiyetia pombe mdomoni, ingawa huidai kwa niaba ya wengine.

Ndiyo. Bi Almuth alitupeleka mjini. Mimi nyuma na bahasha kifuani, Shangazi mbele. Mvua ya mlalo. Nilikuwa nimejawa na furaha: adui anatubeba kwa gari lake, kwa mafuta yake, kwenda kumshinda!

Karibu na daraja akauliza kilichomo kwenye bahasha. Nilitumaini Shangazi angesema salamu za mwaka mpya. Akasema, "Paa langu, Almuth. Nyumba haiuzwi."

Bi Almuth akafunga breki katikati ya barabara.

Vifuta-vioo vikapiga fyuu, fyaa. Nikahesabu kilomita zilizobaki: tano, kwa miguu, upepo usoni. Nikaiweka bahasha ndani ya sweta.

Hatimaye akasema alikuwa ameshachagua na mapazia. Ya bluu. Shangazi akasema bluu ingependeza. Bi Almuth akasema anajua ingependeza. Akaweka gia. Akasema jirani ukishampakia humshushi kwenye mvua, lakini mwenzangu, kwenye huo mlango waridi zangu zikae hadi zianguke zenyewe. Shangazi akasema zitakaa.

Saa nane na dakika tano nimeitumbukiza. Nilisikia ikigonga chini. Sauti tamu kuliko zote nilizowahi kusikia. Nikapiga picha ya sanduku na saa ya ukutani, kwa ushahidi.

Tuliporudi, Shangazi akanishika mabega jikoni. Akasema anajua ni mimi niliyeandika barua, anajua ni nani aliyeweka kurasa chini ya birika, maana leo ameinua meza akazisoma zote, na mchoro wa kapu ni mzuri. Kisha akasema: "Lakini mtoto wangu, ungeniuliza tu. 'Shangazi, mmeoana?' Maneno mawili. Ningekuambia palepale."

Palepale. Tarehe 5! Bila barua, bila msajili, bila waridi mia nne na kumi na mbili, bila yule mama kunihofia akili zangu.

Nimelitafakari sana jambo hili. Yuko sahihi kabisa. Nimemwahidi. Mwaka mpya, Hiske mpya: anayeuliza kwanza.

Alhamisi, 2 Januari

Bwana Harms amekagua nakala yangu kwa kalamu nyekundu. Kalamu haikugusa karatasi isipokuwa mahali pamoja: nimesahau gharama za Anko za kwenda kazini, kilomita sitini na mbili kila siku. Zikiongezwa, marejesho yanapanda. Hata kosa langu ni faida! Amesema jumla ya miaka mitano ni euro 15,240 kama ofisi ya kodi ikikubali, na itakubali. Fundi wa paa amekwisha kuja kupima. Shangazi alimshikia ngazi mwenyewe.

Bwana Harms akauliza nilijuaje kama wameoana. Nikamsimulia, ilinichukua mchana mzima. Alicheka hadi akavua miwani. Akasema funzo la kazi hii ni moja tu: kabla ya hesabu, muulize mteja. Nikaliandika, nikalipigia mstari.

Sasa kuna jambo moja linanisumbua. Bi Almuth. Amekubali kushindwa, lakini nyumba yake iko palepale, dirisha lake linatazama paa letu, na mapazia ya bluu ameshayanunua. Mtu mwenye mapazia hawezi kutulia. Hatutakuwa salama hadi ahame. Na mjane huhama kwa sababu moja tu.

Bwana Harms ana nyumba kubwa mjini, madirisha kumi na manane. Pato lake kubwa mno. Pensheni ya Bi Almuth ni ndogo mno. Nimemimina yote kapu moja nikagawanya katikati: faida yao, kwa mwaka mmoja tu, euro 5,870! Na Bwana Harms ni mpweke, maskini. Kila siku saa sita hujifungia ofisini kwake, huongea na simu nusu saa, hucheka peke yake, na hutoka ananukia manukato. Inaniumiza moyo.

Kumuuliza? Mambo kama haya mtu haulizwi.

Barua ya kwanza nimeiandika leo, herufi zimeinama kulia. Safari hii nina siku mia tatu sitini na tatu.